Propela Namba Kumi

Mkonze, Dodoma
6 Mei 2024

Ndugu Shaaban Hamidu,
Bwawani Mtera.

YAH: OMBI LAKO LA PROPELA NAMBA KUMI

Kaka Shaaban, shikamoo.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu moja. Nikikupigia unanichekesha, nakata simu nikiwa na furaha, halafu nikifika jikoni nakumbuka kwamba sikujibiwa nilichouliza. Kuanzia leo mambo ya boti yawe kwa barua. Hamza, kondakta wa basi la Iringa, amekubali kuzibeba. Anapita hapo kwako kila siku, akienda au akirudi.

Nakukumbusha yaliyotokea, ili tusije tukabishana. Boti tuliijaribu Dar es Salaam mwezi wa Januari, mimi mwenyewe nikiwa ndani. Ilikuwa na propela namba kumi na nne. Injini ilizunguka mara elfu tano na mia tano kwa dakika, boti ikanyanyua pua na kuteleza juu ya maji. Ikaja Dodoma kwa lori, ikakaa wiki mbili Chang'ombe kupakwa rangi na kutandikwa zulia, mume wangu Cornel akisimamia. Ikashushwa Mtera, ukaanza kazi wewe. Tangu siku hiyo mizunguko haivuki elfu nne na mia tano, na boti inajikokota kama imelazimishwa.

Boti ni ileile. Injini ni ileile. Propela ni ileile. Kilichobadilika ni mwendeshaji.

Sasa unaniomba propela namba kumi. Nieleze ni kwa nini, na ueleze kwa maandishi.

Wako,
Frida Lugendo (Bi.)

*

Mtera
Mei 9

Dada Frida, bosi wangu,

Marahaba. Shikamoo yako imefika ingawa ilikuja na baridi, nikaivalisha sweta.

Umetaka maandishi, basi kaa kitako. Mimi shule niliishia darasa la sita kulekule kwetu Kondoa, na siyo kwa ujinga, mwalimu ndiye aliyechoka kwanza. Lakini nimepika melini miaka kumi na mmoja. Nimemenya viazi Durban, nimekaanga vitunguu Jedda, nimefukuzwa baa kwenye mji mmoja wa Wagiriki ambao ukilitamka jina lake unapata mafua. Na jikoni kwa meli, dada, ni mlango wa pili kutoka chumba cha mashine. Mafundi wakija kunywa chai wanaongea propela. Mimi ninayemimina nasikiliza.

Propela ni skrubu. Hiyo namba ni hatua yake: ikizunguka mara moja, ingesogea mbele inchi ngapi kama maji yangekuwa ubao. Kumi na nne ni mtu wa miguu mirefu. Kumi ni mtu wa hatua fupi. Kwenye tambarare, mrefu atamwacha mfupi. Lakini wapandishe kilima, kila mmoja na gunia kichwani, uone nani atakaa chini kuhema. Injini yako inahema, dada. Elfu nne na mia tano nikiwa nimebana gesi, ule mkono wa mafuta, hadi mwisho ni mashine inayojiua polepole. Juzi nimezifungua plagi, ni nyeusi kama mkaa wa Kibaigwa.

Sababu ni mwinuko. Dar ni usawa wa bahari, Mtera tuko juu karibu mita mia saba. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini inakula hewa kama sisi tunavyokula ugali. Ikila nusu shibe itafanya kazi ya nusu shibe. Kwa hiyo nipe kumi.

Na ukienda dukani usidanganywe na zile propela za chuma cha pua zinazong'aa kama sufuria za kumtunza bibi harusi. Bwawa hili chini yake kuna msitu uliozama, visiki vimesimama kama walinzi. Propela ya aluminiamu ikigonga kisiki inavunjika yenyewe, tunafunga nyingine. Ile ya chuma cha pua haivunjiki, inalipeleka pigo ndani kwenye gia, na hapo utalia. Mimi nataka kitu kinachokubali kuvunjika ili kikubwa kipone.

Kuhusu mwendeshaji kubadilika, ni kweli. Yule wa Dar alikuwa mwembamba. Mimi nina kilo tisini na sita, ila nyingi ni uzoefu.

Msalimie Shemeji Cornel.

Shaaban wa Durban na Jedda

*

Mkonze
20 Mei 2024

Kaka Shaaban,

Barua yako niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nikachukua kalamu nyekundu.

Nilimpelekea Bwana Ibrahimu, anayeuza vipuri vya injini za boti hapa mjini. Amesema mengi uliyoandika ni kweli, hasa la visiki, na hata mimi nimeachana na ile ya kung'aa. Lakini la mwinuko alitikisa kichwa. Nanukuu: "Mwinuko wa Mtera unakula inchi moja ya hatua, ikizidi sana moja na nusu. Mtu anayeshuka kutoka kumi na nne mpaka kumi ana mzigo. Mwulize huyo mzee wako anabeba nini."

Na wewe mwenyewe umeandika "gunia kichwani". Gunia la nini, kaka? Nafanya kazi masijala mwaka wa kumi na saba. Mtu akitaka kuficha jambo, huwa linamponyoka kwenye mfano.

Kuna la pili. Emilia, mwenzangu wa ofisini, alipita hapo Jumanne akienda Iringa kwao, nikamwomba ashuke aiangalie boti. Hukuwepo. Anasema ilikuwa imefungwa, haina mtu ndani, haina hata ndoo, na ule mstari mwekundu uliochorwa ubavuni ulikuwa chini ya maji. Boti tupu inazama kama iliyopakia. Aliinama anuse kama kuna samaki. Hakusikia harufu ya samaki. Alisikia ya sabuni. Boti ya starehe inayotembea wikiendi inaoshwa kwa sabuni Jumanne kwa sababu gani?

Unajua boti hii ni nini kwangu. Nimezaliwa mahali ambapo maji yalikuwa ya kubeba kichwani. Nilijiapia kwamba siku moja maji yatanibeba mimi.

Nakupa mpaka Juni 30. Usiponieleza ukweli, funguo utamkabidhi Fredy, dereva wa ofisini kwetu, aliyekulia Ukerewe. Na nitakapoulizwa kwa nini nimekuondoa, sitadanganya.

Frida

*

Mtera
Mei 23

Shemeji Cornel,

Barua hii nimemwambia Hamza akupe mkononi, shuleni kwako, siyo nyumbani. Ukimaliza kuisoma ichane.

Mambo yameiva. Dada Frida anaamini nabeba magendo. Ametuma mpelelezi aliyekuja kunusa boti yangu. Amenusa sabuni, na sabuni nayo imekuwa kosa.

Shemeji, siku nilipoinua lile zulia nikakuta bamba la chuma la milimita nne, limefungwa boliti kuanzia mbele mpaka nyuma, nilidhani fundi wako Mazengo wa Chang'ombe alisahau kwamba hatengenezi tela. Ukaja mbio, ukanishika mkono, ukaniomba. Nikakuelewa. Ulisikia habari za kiboko aliyeng'ata mtumbwi, ukasema sakafu ya chuma haing'atwi. Sawa. Lakini wewe ni mwalimu wa fizikia. Mimi wa darasa la sita nilijumlisha pale pale nikapata kilo mia mbili na hamsini. Umewalaza wanaume wanne wa chuma chini ya zulia, hawashuki wala hawaruki kiboko akija.

Nilidhani propela ya hatua fupi itatusitiri wote. Ndiyo maana niliomba kumi. Nikamwaga na hadithi ya mwinuko, ambayo ni kweli, ila ni kweli ndogo niliyoivalisha suruali ya mtu mzima.

Sasa nisikilize. Hii ndiyo kazi pekee ya majini niliyoipata tangu nirudi bara. Nikiondolewa kwa jina la mwizi, hapa bwawani hakuna atakayenipa hata kasia nimshikie. Mimi kutunza siri naweza. Nimetunza siri za manahodha. Lakini mwenye siri naye asogee kidogo, nami nipate pa kukanyaga.

Mwambie mkeo. Atakucheka siku mbili, ya tatu ataomba chai.

Shaaban

*

Chang'ombe, shuleni
28 Mei 2024

Kaka Shaaban,

Siwezi. Na nikikwambia kwa nini, naomba usicheke.

Siyo kiboko peke yake. Mimi sijui kuogelea. Maji yakinifika magotini miguu inakuwa si yangu. Wakati namchumbia Frida nilimwambia kwamba nikiwa kijana nilivuka Ziwa Singidani kwa kuogelea, kwenda na kurudi. Sijui nilisema kwa nini. Alikuwa anapenda sana maji na mimi nilikuwa namtaka sana yeye. Ni miaka kumi na tisa. Watoto wetu wanaisimulia hiyo hadithi shuleni. Akiliona bamba lile ataniuliza mwogeleaji wa Singidani anaogopa nini.

Nimefanya hivi. Nimekwenda mwenyewe kwa Ibrahimu, nikanunua hiyo namba kumi. Hamza anayo kwenye kiroba. Ifunge, mizunguko itapanda, Frida atafurahi, na maneno yataisha. Sabasaba anapanga kuleta wageni wa ofisini. Mimi siku hiyo kichwa kitaniuma nitabaki ufukweni. Baada ya hapo nitatafuta namna ya kulitoa hilo bamba kimyakimya.

Nisitiri mwezi mmoja tu.

Cornel

*

Mkonze
24 Juni 2024

Ndugu Shaaban Hamidu,

YAH: KUONDOLEWA KAZINI

Jumamosi nilipokuja bila taarifa nilikuta boti inakimbia. Si kama Dar, lakini mizunguko elfu tano na mia tatu niliiona kwa macho yangu. Ulikuwa mchangamfu. Ulinipikia samaki. Uliniambia kwamba umeisafisha kabureta. Nikakushukuru, nikarudi nyumbani nimeinamisha kichwa kwa aibu ya kukushuku.

Leo nimepita kwa Bwana Ibrahimu kuagiza namba kumi na tatu, ile anayosema ndiyo ya mwinuko wetu. Akaniuliza, "Kwani ile kumi mliyochukua mwezi wa tano imevunjika?" Sikuchukua kitu mwezi wa tano. Akasema alikuja bwana mmoja mwenye miwani, mpole, akaitaja boti yetu kwa jina na injini yetu kwa namba, akaondoka nayo ndani ya kiroba.

Kwa hiyo mko wawili. Wewe unaomba kumi, mwenzako ananunua kumi, mimi nadanganywa na kabureta. Mtu hatoi fedha yake kununulia propela boti ya mtu mwingine isipokuwa hiyo boti inamfanyia kazi. Siulizi tena mnabeba nini. Nimechoka kuuliza.

Sabasaba, Jumapili tarehe 7 Julai, nakuja na wageni sita. Fredy ndiye atakayeendesha. Watu wanane, kama kibao cha boti kinavyoruhusu. Tutavuka mpaka upande wa pili na kurudi. Utamkabidhi Fredy funguo asubuhi hiyo mbele yangu.

Nilikupenda kama kaka. Hilo nalo nilitaka liwe kwenye maandishi.

F. Lugendo

*

Mtera
Juni 27

Dada Frida,

Kiroba alichokuletea Hamza pamoja na barua hii kina propela. Ndiyo hiyo kumi. Ile kumi na nne nimeitia mahali ambapo Fredy wako wa Ukerewe hataipata hata akiletewa mbwa. Injini bila propela ni feni iliyotolewa mapanga, itanguruma na haitakwenda popote. Sabasaba boti haitoki.

Umeniondoa kazini, nimeondoka. Kuniita mwizi, sawa, majina nimeitwa bandari nyingi na hili ni jepesi. Lakini siwezi kukukabidhi boti hiyo upakie watu wanane halafu mimi nisimame ufukweni nikipunga mkono.

Kibao kinasema watu wanane. Kibao kiliandikwa kwa ajili ya boti iliyotoka kiwandani. Boti uliyonayo, ikiwa tupu, imeshabeba watu wanne. Emilia wako aliona vizuri, mpe sifa yake, ule mstari mwekundu haudanganyi. Ongeza wanane, wawe kumi na wawili. Mchana upepo wa bwawa hili ukigeuka, mawimbi yanaingia kwa nyuma, na propela ya hatua fupi haitakutoa haraka. Propela ile niliiomba ili kuinusuru injini. Nilikosea, na hapa naandika bila utani. Niliitibu homa nikayaficha maradhi. Siku ile uliyoona mizunguko elfu tano na mia tatu ukanishukuru, samaki wangu nilimrudisha sufuriani.

Utaniuliza ni mzigo gani. Si wangu, siwezi kuusema. Sijauza kitu, sijabeba kitu, sijapokea kitu. Sabuni ni kwa sababu mimi ni mpishi, na mpishi akiona kitu kichafu mkono unamwasha. Jumanne yoyote njoo unikute naosha hata mti.

Nakuomba jambo moja. Hicho kiroba usikifiche stoo. Kiweke sebuleni, katikati, kila mtu wa nyumbani akione. Kikae hapo mpaka kiongee.

Shaaban

*

Mkonze
2 Julai 2024

Kaka Shaaban, shikamoo.

Kiroba kilikaa mezani siku tatu. Siku ya kwanza Cornel alikizunguka. Siku ya pili alikula chakula chake amesimama jikoni. Jana akaja, akakifungua, akaitoa ile propela, akaipakata kama mtoto. Nikamwangalia miwani yake. Nikakumbuka maneno ya Ibrahimu. Kaka, nilijua kabla hajafungua mdomo, na bado nilimwacha aseme yote, kwa sababu nilitaka yatoke.

Ameniambia la bamba. Ameniambia la Singidani.

Utaniuliza nimefanya nini. Sikucheka, wewe ulimwambia nitacheka. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Nilikuwa nimekasirika, na hasira ilikuwa inatafuta mlango wa kutokea. Miaka kumi na tisa nimewaambia watu kwamba mume wangu ni mwogeleaji. Lakini kila nilipoyapanga maneno ya kumwambia, niliona barua zangu kwako. Nimekuita mwizi kwenye karatasi, kwa sahihi yangu, kwa sababu ulisafisha boti na kwa sababu ulitumia neno gunia. Mwanamume aliyelala pembeni yangu ndiye aliyekuwa na mzigo, na sikumnusa.

Safari ya Sabasaba nimeiahirisha. Wageni nimewaambia boti ni mbovu. Emilia nimemwambia ukweli.

Mazengo atakuja Jumamosi na spana kulitoa bamba alilolifunga. Cornel atakuja naye. Amesema mwenyewe kwamba anataka kuwepo. Namba kumi na tatu ya aluminiamu nimeshaichukua kwa Ibrahimu, nitakuja nayo tarehe 14.

Barua ya tarehe 24 naomba unirudishie niichane. Kama umeitunza kwa ushahidi, nitaelewa.

Dada yako,
Frida

*

Mtera
Julai 16

Shemeji Cornel,

Barua hii ni ya kwako peke yako, lakini safari hii ukitaka msomee mkeo. Kuna sehemu moja tu ya kuruka, utaiona.

Ile barua yake ya kunifukuza nilimrudishia Jumapili, akaichana vipande vinne akavitia mfukoni, hakuvitupa majini. Mwanamke wa masijala. Kazi yangu amenirudishia kwa maandishi pia, yenye YAH na mstari chini yake. Nimeibandika ukutani juu ya jiko.

Bamba limeuzwa? Kama bado, mwambie Mazengo naligombea. Nataka kujengea banda la kuku ambalo fisi atavunjika meno.

Sasa nikwambie kitaalamu yaliyotokea, maana wewe ulifumba macho. Boti nyepesi, propela kumi na tatu, watu watatu ndani. Nilipobana gesi mpaka mwisho ilifika mizunguko elfu tano na mia nne na zaidi kidogo. Pua ikanyanyuka, ikashuka, tukawa juu ya maji. Ibrahimu alisema inchi moja kwa ajili ya mwinuko, na ni inchi moja kamili. Mimi nilisema mwinuko tangu mwanzo, lakini sidai sifa. Nadai kidogo.

Ulipanda, shemeji. Nilikuona pale ukingoni, jaketi okozi umelikaza mpaka shingo imejaa, viatu umevivua umevishika kama unaingia msikitini, na wewe ni Mlutheri. Nilijua ukirudi nyuma hatua moja hutapanda maisha. Dada Frida hakukuita. Aliangalia pembeni makusudi ili uwe na nafasi ya kurudi bila kuonekana. Ukapanda.

Hapa ndipo pa kuruka.

Tulipokuwa katikati, Frida akageuka akaniuliza kwa nini naendesha kwa mkono mmoja na mwingine nimeuficha nyuma ya kiti. Nikamwambia mabaharia wa Durban ndivyo tunavyoendesha, ni wanagenzi tu wanaoshika usukani kwa mikono miwili. Akatazama usukani, akatazama nyuma ya kiti, kisha akayatazama maji muda mrefu.

Mkono una alama tano za kucha zako. Njooni tena Jumapili, nimeanza kuzoea kuendesha na ule mwingine.

Shaaban